Meza ya kando ya ziwa, na mchango tuliourudisha

Mwishoni mwa mwezi uliopita tulisafiri kwa gari moshi kutoka Tabora kwenda Kigoma, watu watatu wa kamati ya msikiti: naibu imamu, mzee mhazini na katibu anayeandika safu hii. Tulikuwa tumealikwa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tabora, aliyekuwa akistaafu utumishi baada ya kufanya kazi miaka mingi katika mji ule wa ziwani. Ni mtu mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka juzi, tulipokuwa tukiinua kuta za madrasa, alituletea mifuko 40 ya saruji, jina lake likasomwa baada ya sala ya Ijumaa, na waumini wakaitikia kwa takbira. Kadi ya mwaliko ilisema tu kwamba ni chakula cha jioni cha kuagana. Haikusema zaidi, nasi hatukuuliza.

Njia ile twaijua kwa masimulizi kuliko kwa kuipita. Reli inatoka Tabora, inapita Urambo, Kaliua na Uvinza, inavuka mto Malagarasi, zaidi ya kilomita 400 hadi ziwani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikielekea kulekule ambako wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakienda kwa miguu, wamejitwika vitambaa na shanga, na kurudi na pembe za ndovu. Naibu imamu alilala tangu Kaliua. Mzee mhazini alikaa dirishani akihesabu miembe, akitushikilia kwamba kila mwembe mkubwa ulikuwa kituo cha msafara. Twashuku mingi aliyoihesabu ilipandwa na watu wa reli.

Tulifika mahali pa sherehe Magharibi ikikaribia. Palikuwa ni bustani ya baa, chini kabisa kando ya Ziwa Tanganyika, taa za rangi zimezungushiwa miti, muziki wa rumba ukitoka katika spika mbili kubwa kuliko kabati. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo. Watu walikuwa wengi na wenye furaha, na wengi wao, tuseme ukweli, walikuwa watu wema tu walioacha kazi zao za siku na kuja kumuaga mwenzao. Tulitazamana. Mzee mhazini alisema turudi. Naibu imamu alisema tumesafiri usiku na mchana, tumsalimu mwenyeji wetu kwanza, kisha tutazame la kufanya. Tulimfuata naibu imamu, na hilo ndilo kosa la kwanza tunaloliungama hapa.

Mwenyeji alitupokea kwa bashasha, akatukalisha katika meza yake mwenyewe, mbele, ili kila mmoja aone kwamba mashekhe wa kwao wamekuja. Juu ya meza palikuwa na zile glasi ndefu wanazoziita kokteli. Ambaye hajaziona asidhani zinafanana na pombe ya kilabuni. Ukingo wa glasi umepakwa sukari, ndani mna barafu iliyosagwa, kipande cha ndimu, majani ya nanaa, maji ya nanasi au ya pasheni, na katikati ya uzuri wote huo mmemiminwa kileo kikali ambacho pua haikitambui na ulimi haukistukii. Bei ya glasi moja, tulivyoiona katika orodha, ilikaribia ada ya mtoto mmoja wa madrasa kwa miezi mitatu. Mwenyeji wetu alikuwa amelipia meza zote.

Kisha wakaletewa wageni wa Tabora glasi tatu za namna ileile. Tusiogope, alisema, zetu hazina kilevi; ameagiza mahsusi. Zilikuwa nzuri kwa macho, na koo zilikuwa kavu kwa vumbi la safari. Naibu imamu alikuwa amekwisha nyoosha mkono wakati mhudumu wa kaunta alipoinama sikioni petu.

“Assalaamu alaykum, maalim. Shikamoo. Hizo msinywe.”

Tulimwambia kwamba mwenye sherehe ametuhakikishia hazina kitu.

“Hazina, maalim. Lakini chombo cha kutikisia ni kimoja. Watu wakiwa wengi nakisuuza tu, wala siwezi kuapa kwamba kimetakata. Ngojeni.”

Alirudi na chupa tatu za maji zilizofungwa, akatufungulia mbele ya macho yetu, moja baada ya nyingine, na mrija mpya kwa kila chupa ili tusitumie glasi za pale. Ilipoingia Magharibi alitupeleka stoo ya nyuma, akasogeza kreti, akatandika kanga safi, akatuonyesha kibla bila kuulizwa. Halafu akarudi kazini. Kijana huyo tulimfundisha Juzuu Amma sisi wenyewe.

Na sasa inabidi tueleze kwa nini tulishindwa kumtazama usoni.

Miezi minane kabla ya jioni ile, mama yake alileta shilingi 150,000 katika bahasha, mchango wa mwanawe kwa tangi la maji ya kutawadhia. Katika kikao cha kamati mtu mmoja aliuliza kijana yule anafanya kazi wapi siku hizi. Jibu lilipopatikana, ikaamuliwa fedha zirudishwe, na barua ya kurudisha tuliiandika sisi. Uamuzi ulikuwa ni kuipeleka nyumbani kwa staha. Haikuwa hivyo. Mama yule alikabidhiwa bahasha na barua barazani pa msikiti, baada ya Ijumaa, watu wakitoka, na aliyemkabidhi akaisoma kwa sauti. Tulikuwepo. Hatukumnyamazisha. Tangu siku hiyo bi mkubwa yule hajahudhuria darasa la akina mama, na mwanawe anapokuja Tabora likizo hasali kwetu.

Katika meza ile ya ziwani mazungumzo yaligeuka, kama yanavyogeuka kila palipo na kilemba na glasi pamoja. Mmoja wa wageni, Mwislamu, mtu aliyesoma, alitueleza kwa upole kwamba Qurani imekataza mvinyo wa zabibu wa Waarabu, na kwamba wazee wetu wa Unyamwezi wamekunywa pombe yao ya mtama na wanzuki wa asali tangu zama bila dunia kuanguka. La pili ni kweli kwa upande wa historia. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani hapa Tabora, Novemba 1857, aliandika habari za pombe ya nchi hii, na asali ya Tabora haikuanza kusifiwa jana. Lakini la kwanza lilikwisha jibiwa zamani, na limejibiwa kana kwamba aliyeuliza ametoka Sikonge au Urambo. Abu Musa al-Ashari (r.a.), mtu wa Yemen, alipokuwa akitumwa kwao, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji viwili vya watu wake: kimoja cha asali, kikiitwa bit’i, na kingine cha nafaka, kikiitwa mizri. Mtume (s.a.w.) hakuuliza kimetengenezwa kwa nini. Alijibu kwamba kila kinacholevya ni haramu. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanzuki na pombe ya mtama vimeingia humo bila kuhitaji kutajwa, na kokteli vilevile, kwa kuwa kingi chake kikilevya, kidogo chake pia ni haramu, hata kikifichwa ndani ya maji ya nanasi.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni katika miji ya Kiislamu, kwamba limeletwa na taa za rangi na spika. Baghdad ya Harun al-Rashid, mji wa kando ya mto Dijla, ilikuwa na vilabu vyake, na mshairi wake mkubwa wa mvinyo alikuwa Abu Nuwas. Ndiye yuleyule Abunuwasi ambaye watoto wetu wanamjua kwa hadithi za werevu tu. Neno alkoholi lenyewe limetoka katika Kiarabu. Twasema haya ili anayedhani kwamba mtihani huu ni wa vijana wa leo peke yao apunguze sauti.

Tuliondoka kabla ya Isha, tukamshukuru mwenyeji, tukamwachia zawadi yetu ya asali. Tungepaswa kuondoka mapema zaidi. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho hakai katika meza inayozungushwa ulevi. Maji yetu ya chupa hayakuibadili meza ile. Ndugu wengi hutuandikia wakiuliza kuhusu sherehe za kazini na za kuaga bibi harusi, ambako soda na bia hukaa bega kwa bega. Jibu la vitabu ndilo hilo. Tunalitoa sasa tukiwa tumelivunja wenyewe kwa muda wa saa moja na nusu. Salamu zinatosha, mkono wa heri unatosha, na udhuru ukitolewa kwa adabu haumvunji mtu heshima. Mwenyeji wetu hakukasirika hata kidogo. Pengine angefurahi zaidi kama tungemwambia kwa simu kabla ya safari kwamba tutamjia nyumbani mchana.

Tulilala Ujiji kwa jamaa wa naibu imamu. Asubuhi walitupeleka kwenye lile jiwe la kumbukumbu, chini ya miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe ambao Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871. Wageni huambiwa habari ya kuvuana kofia na kusalimiana. Habari ya chakula haisemwi sana, nayo imo katika kitabu cha Stanley mwenyewe. Ujiji ya wakati ule ilikuwa mji wa wafanyabiashara Waislamu, na habari za ugeni zilipoenea, Sayd bin Majid aliwapelekea wageni sahani ya maandazi ya nyama, Muhammad bin Sali akapeleka kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri, mkubwa wa mji, akapeleka nyama ya mbuzi na wali. Hapo ndipo Stanley alipomwagiza kijana Selim, mkalimani wake, alete chupa ya mvinyo wa shampeni aliyokuja nayo kwa ajili ya siku hiyo, pamoja na vikombe vya fedha. Wazee wa Ujiji walikirimu kwa walichokuwa nacho, na chupa ilitoka katika mizigo ya mgeni.

Tulisimama pale tukiwaza jinsi mambo yalivyogeuka. Siku hizi mwenyeji ni Mwislamu, wageni ni Waislamu kwa Wakristo, na chupa inatoka katika mfuko wa mwenyeji. Na katika meza zote mbili, ya 1871 na ya juzi, anayetumwa kuileta ni kijana wa watu.

Iko meza ya tatu, kongwe kuliko hizo, ambayo tumekuwa tukiifikiria tangu tuliporudi. Ni ile ya nyumbani kwa Abu Talha huko Madina, kabla ya ulevi kuharamishwa. Walikuwepo Abu Ubayda na Ubayy bin Kaab, wakinywa kinywaji cha tende, na aliyekuwa akiwamiminia alikuwa kijana mdogo, Anas bin Malik (r.a.). Hapo walikuwa hawana dhambi, maana aya ya Suratul Maidah (5:90) ilikuwa ndiyo kwanza inateremka. Mara akaja mtu na habari kwamba umeharamishwa. Hawakuuliza maswali wala hawakumalizia kilichomo vikombeni. Abu Talha alimwambia Anas asimame akaumwage, naye akaumwaga, na vichochoro vya Madina vikatiririka. Walioanza kuacha ni wazee waliokaa, na kijana aliyesimama akafuata kwa kuamrishwa nao. Anas yule aliishi kuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi katika umma huu. Na ndiye mpokezi, katika Tirmidhi, wa Hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi.

Hao kumi inafaa tuwasome wote, siyo wawili tunaowapenda. Yumo anayekamua na anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba na anayebebewa, anayemiminia watu, anayeuza na anayekula thamani yake. Na wamo pia anayenunua na anayenunuliwa. Kijana wa kaunta yumo. Hatusemi hayumo, wala yeye hakutuambia hayumo. Lakini aliyelipia meza zote jioni ile yumo vilevile, na jina lake lingali limeandikwa katika ubao wa wafadhili mlangoni mwa madrasa, kwa mwandiko wetu.

Hapa mzee mhazini, ambaye tulimsomea makala haya kabla ya kuyapeleka gazetini, alitupinga, na hoja yake ina uzito. Alisema saruji ilitoka katika mshahara wa halali, na zile 150,000 zilitoka katika ujira wa kumimina ulevi. Mali na mali hazilingani hata kama watu wanalingana. Akatukumbusha kwamba Makuraishi, wakiwa bado washirikina, walipoijenga upya Kaaba walikubaliana kutoingiza humo mali chafu, zikawapungukia fedha, na ndiyo maana sehemu ya Hijri Ismail imebaki nje ya kuta mpaka leo. Ikiwa washirikina walijizuia, sisi tujengee tangi la udhu kwa fedha gani? Tunakubaliana naye. Hatuandiki kudai kwamba fedha zile zingepokelewa kama mchango wowote. Wanazuoni wameijadili mali ya namna hiyo na mahali pa kuielekeza, na Imam Ghazali ametenga kitabu kizima cha halali na haramu ndani ya Ihya. Mjadala huo tungeweza kuufanya faraghani, kijana akiwepo, tukimweleza.

Tulichokosea ni kwamba tulirudisha bahasha na mtu pamoja. Katika Bukhari imo habari ya mtu mmoja wa zama za Mtume (s.a.w.), aliyezoea kumchekesha Mtume, na aliyeletwa mara nyingi kwa kosa la kulewa akaadhibiwa. Siku moja alipoletwa tena, mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (s.a.w.) aliikataa laana hiyo, akasema anavyojua yeye mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, na mtu hakutupwa. Na yule alikuwa mlevi hasa. Huyu wetu, kwa kadiri tunavyomfahamu, hajaonja tone; anachanganya usiku kucha vitu asivyovinywa, ili wadogo zake wanne wapate shule, baba yao akiwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka ule alipomaliza kidato cha nne na kukaa kijiweni miezi kumi na minne bila kazi, kamati haikuitisha kikao hata kimoja kwa ajili yake. Daftari la kumbukumbu liko mikononi mwetu, tumelipekua.

Kabla hatujapanda gari moshi kurudi, alitufuata stesheni. Alikuwa ametoka kazini alfajiri, macho mekundu kwa usingizi. Alitaka kututumia kilo mbili za dagaa kwa mama yake. Tulimwomba radhi kwa yaliyotokea barazani. Alikaa kimya, kisha akauliza kama tangi limekwisha. Tukamwambia bado, limekwama kwenye mabomba. Akacheka kidogo, akasema mabomba yanapatikana Kigoma kwa bei nafuu kuliko Tabora, akitaka kujua tungependa ya inchi ngapi. Halafu akajikumbuka, akanyamaza.

Tangu turudi tumependekeza kwa kamati mambo mawili. La kwanza ni kumkopesha kijana huyu mtaji, bila riba, afungue banda la maji ya matunda hapa mjini karibu na stesheni. Mikono yake inajua nanasi, ndimu na nanaa kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona, na msimu wa maembe Tabora huoza maembe mengi kuliko yanayoliwa. Mzee mhazini anasema mfuko wa msikiti si benki, na kwamba tukimkopesha mmoja watakuja kumi. Huenda ni kweli, na pengine wakija hao kumi tutajua wako wapi usiku. La pili ni kwamba naibu imamu aende kwa mstaafu wetu, peke yake, bila barua na bila msomaji wa sauti, akazungumze naye kuhusu zile meza alizolipia. Naibu imamu amekubali. Kwa kuwa mwenyewe alikwisha nyoosha mkono kwenye glasi, anasema atakwenda akiwa mpole.

Dagaa tuliwafikisha Jumanne. Bi mkubwa alitutolea viti barazani, akatuletea chai, akausikiliza ujumbe wa mwanawe mpaka mwisho. Tulipoanza kueleza kilichotuleta zaidi ya dagaa, alitukatiza akauliza kama na safari hii tumekuja na barua. Tukasema hatuna barua. Akasema basi tuendelee.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya Alasiri.